Ubao wa Vikombe vya Bushira

Ubao umeegemea ukuta wa nyumba ya Bushira, Tororo mjini, chini ya upenu, mahali mvua haifiki. Una misumari mia moja na arobaini. Kuku hulala chini yake, na Bushira hawafukuzi.

Kwa miaka ishirini na mmoja ubao huo ulikuwa kando ya dirisha la jiko la chuo kikuu, ambako Bushira alipika uji wa ulezi. Vikombe vilikuwa vinapotea mabwenini, kwa hiyo kila mwanafunzi alileta chake kutoka kwao, akapewa msumari wake wenye namba. Viliningʼinia hapo vya enameli, vya plastiki, na kimoja kilichowahi kuwa kopo la siagi. Saa moja asubuhi vilishuka vyote kwa mkupuo, kwa kelele za mvua ya mawe. Baada ya uji kila mtu alikiosha chake na kukirudisha, na ubao ukabaki ukidondosha maji hadi jua lipande. Bushira anasema sauti ya matone hayo bado huisikia akiwa anachambua mchele.

Ubao nusura ushushwe mwaka ule tumbo la kuhara lilipozunguka mabwenini. Muuguzi wa chuo, Auma, binti kutoka Kisoko, alikuwa na miezi miwili tu kazini. Alikuja jikoni na mlinzi Odwori, na Odwori alishika nyundo.

"Mama Swabur, ubao huu unashuka leo," Auma alimwambia Bushira, akimwita kwa jina la mwanawe. "Nzi wanavitumia hivi vikombe kuliko wanafunzi."

Bushira hakuacha kukoroga. "Shusha, Sista. Lakini anza na hiki cha msumari tisini na mbili. Kishike kwanza."

Auma akakishika. Kilikuwa cha enameli, kimebanduka rangi ukingoni. "Kikavu."

"Kikavu tangu Jumatatu. Leo siku gani, Odwori?"

"Alhamisi," Odwori alijibu, akaificha nyundo nyuma ya mgongo.

"Mwenyewe ni Okia, kijana wa Buteba. Nyinyi mnaandika mwenye ameingia darasani. Mwenye hajakunywa uji nani anamwandika?"

Zahanati yake ilimngoja mgonjwa aje kwa miguu yake. Akakitazama kikombe tena, kisha akauliza chumba ni kipi. Odwori alikijua, maana ndiye aliyefunga malango ya mabweni.

Walimkuta Okia kitandani, uso ukutani. Hakuwa na homa, Auma alimpima. Alikuwa ameanguka mtihani wa hesabu mara ya pili, na wenzake wa chumbani aliwadanganya kwamba anakula nje.

"Nitarudi nyumbani," alisema bila kugeuka. "Msiniletee chakula. Sina njaa."

"Nani amekuletea chakula?" Bushira akaketi ukingoni mwa kitanda. "Nimeleta kikombe. Kama unakwenda, niambie nimpe nani, msumari ushikwe na mwingine."

Kijana akageuka, akakiona. "Hicho ni cha bibi yangu. Hakipewi mtu."

"Basi mimi nakiacha wapi?"

"Kiache pale pale."

Bushira akakirudisha msumarini. Auma alibaki naye mpaka jua likashuka, akimsikiliza. Jioni ile alimwendea mwalimu wa hesabu nyumbani kwake, kumwombea Okia arudie mtihani.

Asubuhi ya Ijumaa Bushira alipakua uji bila kuinua macho, kwa kuogopa. Mstari ulipokwisha alijifuta mikono kwenye aproni, akaenda ubaoni, akagusa msumari tisini na mbili. Kikombe kilikuwa kimelowa.

Nyundo haikurudi. Vikombe vikawa vinachemshwa kila Jumamosi na kufunikwa shuka safi, kwa amri ya Auma. Naye Auma akawa anakunywa uji wake dirishani kila siku, kisha anapitisha kidole ndani ya vikombe vyote, safu kwa safu. Kikavu cha siku mbili kilitosha Odwori kwenda kubisha mlangoni. Okia alirudia mtihani akafaulu. Siku ya kuondoka alikichukua kikombe chake bila hotuba, akamsaidia Bushira kumwaga jivu.

Miaka miwili iliyopita chuo kilijenga jiko jipya. Vikombe sasa ni vya chuma, vyote sawa, vinapangwa kwa rundo. Bushira alistaafu mwezi huohuo, akaomba ubao tu.

Ubao sasa una vikombe vitatu: chake, cha Auma, na cha Odwori, ambaye naye amestaafu, anaishi kijijini Dabani. Kila Jumamosi hukutana kunywa uji na kumcheka Odwori kwa habari ya nyundo. Mwezi huu Odwori hakuja Jumamosi moja, na simu ikawa haipatikani. Jumamosi ya pili hakuja tena, na baada ya uji Auma alipitisha kidole vikombeni kwa mazoea.

"Mama Swabur, hiki kikavu."

Bushira akakitoa msumarini, akakifunga ndani ya leso, wakaenda Dabani.

Odwori alikuwa kibarazani, mguu umevimba, ameuweka juu ya kigoda. Aliwatazama wakishuka kwenye bodaboda.

"Mmekuja kunizika?"

"Bado," Bushira alisema, akifungua leso. "Uji uko wapi humu?"