Mwisho wa Uzi wa Adela

Katika chumba cha Wilibrodi cha kufuma masweta, pale Chanji, kulikuwa na mashine tano, watu wanne, na upepo ulioingia chini ya mlango bila hodi. Asubuhi za Juni na Julai mtoto wa Sumbawanga asiye na sweta huandika vidole vikiwa vimekakamaa. Ndiyo maana katika nchi hii ya jua, watu wa Ufipa hufuma sufu kama wanavyofuma Lesotho.

Wilibrodi alikuwa fundi hodari mwenye maneno machache. Kila sweta lililomalizika alilishika, akaligeuza, akalitafuta kosa. Akiliona, alisema. Asipoliona, aliliweka juu ya mengine akachukua la pili. Kwa miaka kumi na moja aliamini kwamba huko kuliweka kimya ndiko kusifu.

Fortunata alikuwa naye miaka hiyo yote. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na tatu, na masika yote mikono yake ilinuka udongo wa shamba lake la ulezi. Alikuwa na tabia ambayo Wilibrodi aliiona porojo: hakupita kwenye mashine ya mwenzake bila kumwambia alichokipatia. Wala hakusema hongera tu. "Calvin," angesema, "mikono ya sweta hili umeilinganisha hadi nashindwa kujua wa kushoto ni upi." Kisha huyo, anaendelea na kazi yake.

Alhamisi moja, siku nne kabla ya shule kufunguliwa, Wilibrodi aliligeuza sweta la mwisho kati ya arobaini, na kwa mara ya kwanza akaliweka kando ya lile la mfano.

Shida ilikuwa shingoni. Shule iliyoagiza ilitaka mstari wa njano juu na wa bluu chini. Haya yalikuwa na bluu juu. Shingo zilikuwa kazi ya Adela, binti kutoka Kasanga, kando ya Ziwa Tanganyika, mwenye miezi mitatu hapo, ambaye hakuwahi kuvaa sweta kabla ya kupanda kuja huku kwenye baridi. Sweta la mfano alilitandaza mezani shingo ikimwelekea yeye, akafuata alivyoona, juu kukawa chini.

"Yote," alisema Wilibrodi. "Yote arobaini."

"Tumsamehe," Calvin alisema bila kuinua kichwa kutoka kwenye mashine yake. "Migebuka, samaki wa kwao, hawana shingo."

Hakuna aliyecheka. Adela alisimama, akakunja kitenge chake, akatwaa mkoba. "Bosi, nisamehe. Narudi kwetu. Huko nikiharibu, nitaharibu dagaa wa mama yangu."

Wilibrodi alijua kwamba akitoka huyu, masweta yale hayatawahi Jumatatu. Hakuna mwingine aliyemaliza shingo kwa kasi yake. Alifungua kinywa amzuie. Lakini maneno aliyoyazoea yalikuwa ya makosa tu, na kosa lilikwisha kutajwa. Akakifunga.

Fortunata naye hakumwambia abaki. Alivaa miwani, akachukua sweta moja, akaanza kuutafuta mwisho wa uzi ili aifumue ile shingo. Akapapasa mshono. Akarudi upande wa bega. Akapapasa tena.

"Adela, mwanangu, kabla hujaondoka nionyeshe mwisho wa uzi ulipo."

"Hapo kwenye mshono, mama."

"Hapo nimepita mara tatu."

"Niliurudisha ndani."

"Ndani wapi? Nimefumua kazi za watu tangu hujazaliwa. Zangu hufumuka nikizitazama tu. Hii imekataa. Baba Vitus, hebu jaribu wewe, mimi macho yamezeeka," akamwambia Wilibrodi.

Wilibrodi akalipokea sweta. Alipitisha ukucha, akavuta. Shingo ikatanuka, ikarudi ilivyokuwa. Akalipeleka mlangoni penye mwanga. Ndipo alipoona: uzi ulikuwa umepenya kitanzi hadi kitanzi, ukageuka, ukajizika chini ya njia yake wenyewe. Akalichukua jingine, na jingine. Yalikuwa vilevile, mahali ambapo hakuna mteja angetazama, na yeye hakuwahi kuagiza.

"Nani alikufundisha hivi?"

"Hakuna. Nyumbani tunashona nyavu. Mwisho ukilegea, samaki wote wanatoka."

"Umesikia, Calvin?" alisema Fortunata. "Kumbe shingo zinatoka ziwani."

Calvin alicheka, na Adela, mkoba ukiwa bado begani, akacheka pia. Akauweka chini. Kwa ncha ya sindano akauchomoa ule uzi kwa pigo moja, na shingo nzima ikafumuka miguuni pake.

"Wewe anzia juu ya rundo, mimi naanzia chini," Fortunata akamwambia, "kama tunavyopokeana shambani. Tutakutana."

Wilibrodi aliwatazama. Mikono iliyokuwa imekunja kitenge ili iondoke sasa ilikwenda kama maji mteremkoni, na hakuna alichoongezewa yule binti isipokuwa kuambiwa ukweli ambao ulikuwa wake tangu mwanzo. Aliwahi kuona mashine mpya ikiongeza kazi. Maneno machache kufanya hivyo, hakuwahi. Au yalikuwa yakifanya kila siku, naye akayaita porojo.

Jumamosi mchana shingo ya arobaini ilifungwa, njano juu. Wilibrodi alilishika sweta lililofumwa na Fortunata, akaligeuza nje ndani. Alilitazama muda mrefu mpaka yule mama akavua miwani.

"Kuna kosa, Baba Vitus?"

"Hapana." Akatafuta neno, likamchelewa. "Ndani kwake... ni safi kama nje. Miaka yote kumekuwa hivi. Nilikuwa naona."

Fortunata aliiweka miwani mezani. Kisha akapinda magoti kidogo, akapiga makofi mawili ya polepole, kama Mfipa anavyoshukuru akipokea chakula.