Mwenye Lori

Mwenye lori alikuwa na viganja laini kama vya mtoto mchanga, na kila akifungua kinywa ni “lori langu” tu, huku akipigapiga bahasha yenye kadi ya gari. Dereva aliyemwajiri alitoroka nalo, akalipaka rangi ya bluu, akakamatwa. Basi uani kwa polisi yakawa yamesimama malori mawili ya bluu, hilo na jingine la wizi, yameng'olewa namba zote, hata za chesisi.

“Haya mzee, nitajie alama ya lako,” askari alisema.

Bwana mkubwa akazunguka, akakohoa, akapangusa kiatu. Mwisho akamwinamia dereva mwenye pingu.

“Kijana wangu, ni lipi?”

“Lenye kioo kilichopasuka, bosi. Si nilikuomba kipya mwaka mzima, ukasema utakuja kukiangalia mwenyewe?”