Chupa ya Miyomboni Msiiloweke

Siku yangu ya kwanza kazini nilikwangua chupa kwa kisu. Bwana Ghala akaninyang'anya.

"Binti, unachuna mbuzi?"

Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, nasubiri majibu. Kikundi cha asali cha kitongoji chetu, Miyomboni, kule upande wa Ihanja, kilikusanya chupa tupu za jamu kutoka misheni na mjini, maana chupa mpya hazikuwepo. Kazi yangu ilikuwa kutoa lebo. Niliipenda kwa sababu chupa haikuulizi kitu. Wadogo zangu wa kidato cha kwanza, mnanijua: mbele za watu sauti inanipotea. Ndiyo maana, sasa ninapomaliza shule na kuwaachia kazi ya kuosha chupa za stoo ya shule, nimeona niwaandikie.

Bwana Ghala, ndivyo tulivyomwita mtunza ghala, alinifundisha hivi. Chupa ijaze maji ya moto, uilaze kwenye beseni la maji ya vuguvugu, ungoje. Karatasi itainua pembe yenyewe. Hapo ivute taratibu. Kitakachobaki ni utando, ile gundi inayonata vidoleni. Msiusugue kwa mchanga kama mnavyofanya, mnakwaruza kioo. Changanyeni majivu yaliyochekechwa na mafuta kidogo ya alizeti, mpake, muache, ndipo msugue kwa kitambaa.

Mafuta ya taa hutoa utando upesi zaidi. Niliyajaribu mara moja. Bwana Ghala alinusa chupa, akawapitishia wazee wengine wa kikundi nao wanuse.

"Asali ni mmbea," alisema. "Ilipolala jana, leo itapatangaza. Nani atanunua asali inayonuka kibatari?"

Wazee wakacheka. Mimi nikainamia beseni langu.

Niliporudi likizo ya kidato cha kwanza, aliniwekea karatasi na wino mezani. "Umebandua majina ya watu wa mbali vya kutosha. Sasa andika letu." Nikaandika ASALI YA MIYOMBONI, nikabandika kwa uji mzito wa ngano. Zilipopangwa rafuni nilizitazama mpaka nikaona haya.

Mwaka uliofuata nikija likizo nilishukia barabarani, kwa kuwa nyumbani kulikuwa kumehamia huko. Vitongoji vilikuwa vimeunganishwa kuwa kijiji kimoja. Maji yalikuwa karibu, zahanati karibu, siwezi kusema uongo. Lakini mama alikuwa bado anaamka na kugeukia mlango ulikokuwa zamani. Siku hiyo hiyo Katibu wa kijiji, kijana mpole, alinikuta kwenye ghala jipya la kikundi.

"Dada, jina hili halipo tena. Toa hizi lebo, tuandike la kijiji kipya."

Nilimtazama Bwana Ghala. Aliinama kama anayefunga kamba za viatu, naye alikuwa amevaa katambuga za tairi, zisizo na kamba.

"Maji yawe vuguvugu," alisema akiwa huko huko chini. "Usizichune."

Chupa zilikuwa zimejaa asali, basi nilizizungushia vitambaa vilivyolowa maji ya moto. Lebo zilitoka zote, pembe kwa pembe, bila utando. Sijawahi kufanya kazi safi kama ile, na sitaki kuifanya tena.

Muhula huu Matroni alinipa chupa za kuosha. Moja ilikuwa na mwandiko wangu. Ilikuwa imeuzwa mjini kabla hatujahama.

"Na hiyo itoe karatasi," alisema.

"Matroni, naomba hii iachwe."

Akageuka. Nadhani hakuwahi kunisikia nikisema sentensi nzima.

"Ina nini?"

"Ni kwetu."

Aliisoma, akaijaza chumvi, akaiweka rafu ya juu, mbali na mvuke wa masufuria.

Nastaafu basi, ingawa mtanicheka kwa neno hilo. Bwana Ghala amezeeka, na njia ya kwenda ghala la zamani wanasema imeota miiba. Mimi kila nikishika majivu makavu nasikia harufu ya nta, naona mlango wetu ukiwa bado mahali pake.

Nyingine zote lowekeni. Ile ya chumvi ipanguseni kwa kitambaa kikavu.