Kikombe cha Mama kwa Gramu

Wiki tatu kabla ya harusi ya kakangu, Mama aliteleza kwenye zizi la ng'ombe kule Dundori akavunjika mkono wa kulia. Kaka alipomaliza kumpa pole aliniuliza, kwa sauti ya chini, "Na keki?" Ilikuwa imeshaamuliwa kwamba harusini tutakula ile keki ya Mama, aliyotupikia kila Krismasi ndani ya sufuria, makaa chini na makaa juu ya kifuniko.

Ikabidi nioke mimi. Huwa naoka keki za kuuza nyumbani kwangu Bondeni, kwa hivyo sikuogopa. Mama alinitajia vipimo kwa simu: vikombe vitatu vya unga, kimoja cha sukari, kimoja cha siagi, mayai manne. Lakini mimi hupima kwa mizani, na keki ya watu mia mbili huwezi kuizidisha kwa kukisia. Nikatafuta kwenye simu kikombe cha unga kina gramu ngapi, nikaandika, nikaoka moja ya kujaribu.

Ilididimia katikati, tamu kupita kiasi, mafuta yakichuruzika. Mume wangu aliitazama. "Nipe kijiko," akasema. "Hii ni ya kunywa."

Jumamosi nikafunga mizani kwenye kitambaa, nikapanda Dundori. Mama alikuwa jikoni, mkono kwenye plasta.

"Hiyo nayo ni ya nini?"

"Ya kupima kikombe chako, Mama."

"Kikombe kinapimwa? Si kikombe ndicho kipimo?"

Akanionyesha. Kilikuwa kikombe cha bati, kile marehemu Baba alichonywea chai, kikubwa karibu mara moja na nusu ya changu. Nikachota unga, nikapitisha kisu juu kuusawazisha.

"Wacha!" akafoka. "Unapunguza nini? Acha mlima."

Nikaacha mlima. Gramu mia mbili na kumi. Nikarudia mara tatu, na kila mara Mama aliinamia mizani kama anayesubiri matokeo ya mtihani. Sukari nayo haikufika juu. Iliishia kwenye alama ya kutu ndani ya kikombe. Mia moja na themanini.

"Na siagi?"

"Siagi gani?" Akafungua chombo: malai ya maziwa ya ng'ombe wake, aliyoengua asubuhi. "Si hii ndiyo siagi?"

Nilikaa kwenye kigoda nikacheka mpaka machozi yakanitoka. Miaka yote hiyo nilidhani ilikuwa ya duka. Mama naye akaanza kucheka, akishika ule mkono mbovu, "Usinichekeshe, unauma!" huku akiendelea kucheka.

Tulioka moja hapo hapo. Iliumuka ikapasuka juu, vile tu nilivyoikumbuka. Nikateremka na daftari langu na lita tatu za malai.

Siku ya harusi keki iliisha kabla ya hotuba. Nilimkuta Mama katikati ya kina mama wa kanisa, mmoja wao akimsihi ampe siri.

"Unga ni gramu mia sita na thelathini," Mama alikuwa akimweleza, taratibu, kidole cha mkono mzima hewani. "Usikisie. Nunua mizani."