Mtu Aliyenikataza Kununua Randa

Kama unataka kucheka, cheka sasa hivi, maana nikishaanza sitaki kukatizwa. Hili halikumpata rafiki wa rafiki yangu. Lilinipata mimi, saa nne asubuhi, dukani Njombe mjini, watu wakipita nje na mizigo yao. Sikuwa nimelewa, hata ulanzi siunywi. Sikuwa na homa. Nilikuwa na haraka tu, na sijasikia bado haraka ikimfanya mtu aone yasiyokuwepo.

Mimi ni seremala. Karakana yetu ipo Mahongole, hapa Makambako, banda la mabanzi lililoezekwa bati. Nasema yetu kwa sababu nilikuwa nikifanya kazi na shemeji yangu Tito, mdogo wake mke wangu. Nisikufiche, Tito alikuwa fundi kunizidi. Mimi nilikuwa hodari wa kutafuta wateja, lakini benchi likisifiwa, lilikuwa limepita mikononi mwake. Akisukuma randa ya mkono juu ya ubao wa paini, maranda yanatoka marefu, mepesi, yanajikunja mpaka yanafunika miguu yake, na ubao unabaki unateleza kama sabuni.

Mwaka huo tukapata kazi kubwa. Usharika mmoja upande wa Kitandililo ulitaka mabenchi thelathini, na yawe yameingia kanisani kabla ya kipaimara. Nilikubali tarehe bila kumuuliza Tito. Nilipomwambia, akazitazama mbao, akanitazama mimi.

"Shemeji, hizi mbao zote kwa randa ya mkono hatumalizi. Twende kwa mchungaji tukaombe wiki mbili."

"Tukaombe? Ili waseme tumeshindwa? Nitanunua randa ya umeme."

"Nzuri ni ghali. Za bei ya chini hatuzijui. Tukodi kwa yule fundi wa barabarani, siku tatu tu. Kukodi si aibu."

Kwangu mimi ilikuwa aibu. Kesho yake nikapanda gari kwenda Njombe.

Ilikuwa Julai, na wewe kama unakujua Njombe unajua Julai yake. Ukungu ulikuwa umekaa barabarani kiasi kwamba magari yalikuwa yamewasha taa mchana. Niliingia kwenye duka moja la vifaa lenye kioo kipana mbele. Mama mwenye duka alikuwa amejifunga shuka la Kimasai mabegani, anakunywa chai. Nikamwambia ninachotaka, akaniwekea randa mbili mezani. Moja nzito, imetulia, ya bei iliyonifanya niiguse na kuirudisha. Ya pili rangi ya chungwa, inang'aa, ndani ya sanduku pamoja na visu vya akiba, bei yake nusu ya ile. Kwa umbo zilikuwa pacha. Wewe ungefanya nini?

Nilikuwa nimeishika ile ya chungwa niliposikia mtu nyuma yangu akinisalimu, "Kamwene."

Nikaitika. Alikuwa mwanamume wa miaka hamsini hivi, koti zito la kijivu, kofia ya sufu imeshuka hadi kwenye nyusi. Mkono wa kulia ulikuwa mfukoni. Nikadhani ni baridi.

"Mdogo wangu, unanunua?"

"Naangalia, kaka."

"Nyundo ya bei ndogo, nunua," akasema, taratibu, kama mtu aliyetumwa ujumbe na anaogopa kuusahau. "Mpini ukivunjika utachonga mwingine. Patasi nunua, itakuchosha kunoa tu. Futi, msasa, jiliwa, nunua. Lakini kitu chenye kisu kinachozunguka kwa umeme, usikinunue kwa sababu bei imekufurahisha."

Nikacheka. Nikamwambia mashine ni mashine.

Akanyoosha mkono wa kushoto, akaishika ile randa. "Tikisa hapa. Unasikia kisu kinavyocheza ndani? Shika waya wake, mwembamba kama wa redio. Sasa bonyeza swichi, uiachie. Umeona ilivyosita kurudi? Ikipata vumbi la mbao haitarudi kabisa. Utadhani umeizima, kumbe inasubiri umeme tu."

Niamini, yote aliyoyasema niliyasikia kwa kidole changu. Swichi ilisita kweli. Na bado, unajua nilichowaza? Niliwaza huyu ni dalali wa duka la jirani, ametumwa kunitoa humu. Nikamuuliza waziwazi, "Kaka, wanakulipa ngapi huko?"

Hakukasirika. Akautoa mkono wa kulia mfukoni, haraka, akauingiza kwenye mdomo wa ile randa, pale maranda yanapotokea. Niliona mkono wa koti tu. "Hapa ndipo yanapoziba," akasema. "Na hapa ndipo watu huingiza vidole."

Alipoutoa, maranda yakamwagika. Mengi. Yakaanguka mezani, yakaanguka sakafuni, maranda mabichi ya paini, na harufu ya utomvu ikajaa duka zima. Randa mpya, imetoka kwenye sanduku mbele ya macho yangu, haijawahi kugusa ubao. Maranda yalitoka wapi?

Niliinama kuyatazama. Nilipoinua kichwa, hakuwepo. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ajili ya baridi, na mlango ule ukifunguliwa hulia, haukulia. Alikuwa nje, amesimama ukunguni, ameweka kiganja cha kulia juu ya kioo. Kisha ukungu ukamfunika. Nikasogea. Kwenye mvuke wa kile kioo palibaki alama ya kiganja na kidole gumba. Vidole vingine vinne havikuacha alama yoyote.

Nikageuka kwa mama mwenye duka. Alikuwa ameshika ufagio, anafagia yale maranda, wala hakuonekana kushangaa. Hilo ndilo lililonituliza. Nikajiambia, kama mwenye duka haoni ajabu, mimi naona ajabu ya nini?

"Unachukua ipi?" akauliza.

Nikachukua ya chungwa.

Jioni ile, Tito alipokwenda kuoga, niliijaribu peke yangu. Ilinguruma vizuri. Nikaachia swichi. Ikaendelea kuzunguka. Nikaipiga ngumi ubavuni, ikanyamaza. Nilisimama pale bandani na jasho, kwenye baridi ile. Ningeweza kumwita Tito nimwambie, hii mashine ina kasoro, usiiguse. Lakini angeniuliza, "Si nilikwambia tukodi?" Hata asingeuliza, ningeliona usoni mwake. Nikaifuta vumbi nikairudisha kwenye sanduku. Asubuhi nikamkabidhi nikimwambia, "Fundi, kazi kwako."

Siku mbili ilikwenda vizuri, mpaka nikaanza kujisifu. Siku ya tatu, mchana baada ya chakula, umeme ukakatika. Nilikuwa upande wa pili wa banda nikitoboa miguu ya mabenchi. Nikamsikia Tito akisema, "Hawa nao!" Nikacheka. Mdomo wa randa ulikuwa umeziba, akaona ndiyo nafasi ya kuusafisha. Aliachia swichi. Najua aliachia, kwa sababu Tito si mzembe. Akaigeuza, akaingiza vidole kuvuta maranda.

Umeme ukarudi.

Sitakueleza sauti. Nitakueleza tu kwamba maranda yaliyokuwa miguuni mwake yalibadilika rangi, na kwamba nilipomfikia alikuwa bado anaitazama ile mashine, siyo mkono, kama anayesubiri imweleze.

Vidole vinne vya mkono wa kulia. Kilibaki kidole gumba.

Hospitali, alipozinduka, neno lake la kwanza kwangu lilikuwa, "Shemeji, niliachia swichi. Mungu anajua niliachia." Mke wangu alikuwa amekaa kitandani ameshika mguu wa mdogo wake. Hapo palikuwa mahali pa kusema. Mimi nikasema, "Umeme huu, Tito. Unarudi bila taarifa."

Baada ya wiki niliifunga ile randa kwenye kanga kuukuu nikaenda nayo Njombe. Mama mwenye duka alinitambua. Aliitazama kanga, akaelewa kabla sijaifungua.

"Yule mwenye koti," nikamwambia. "Ni nani?"

"Alikuwa mteja wangu. Fundi wa Matembwe. Alinunua kama hiyo, ikamkata. Ilikuwa masika, gari lilikwama njiani wakimleta hospitali, damu ikamwishia kwenye matope. Tangu hapo, mtu akiishika ya namna ile, wakati mwingine anakuja."

"Wewe unamwona?"

"Mimi naona maranda tu. Nafagia."

"Mbona hukunikataza?"

"Ningekwambia nini, baba? Kwamba kuna marehemu anakataza? Alikukataza mwenyewe, ulimsikiliza?" Akaichukua mashine, akachomeka waya, akabonyeza. Ikawaka. "Mbona nzima?" akasema, na nikaona mkono wake unavuta sanduku tupu kutoka rafu ya chini, kana kwamba angeirudisha humo aiuze tena. Nikamnyang'anya. Nyumbani niliivunja kwa nyundo nikaitupa shimo la choo.

Lakini sikutulia. Nilipata usafiri wa gari la mbao nikaenda Matembwe. Haikuwa shida kuonyeshwa nyumba. Mjane wake alikuwa anapukuchua mahindi barazani. Nilikuwa nimepanga kuzunguka kwa maneno, ila aliponikaribisha kigoda nikasema yote kwa mkupuo mmoja: koti la kijivu, kofia, maranda, kiganja.

Akaacha kupukuchua. Nilidhani atalia au atanifukuza.

"Alikuwa mzima wa sura?" akauliza.

"Alikuwa mzima, dada."

"Alisema nini?"

Nikamwambia aliyoyasema, neno kwa neno, nyundo, patasi, waya.

"Hayo tu?"

"Hayo tu."

Akalichukua gunzi lingine. "Kwa hiyo anakwenda mpaka Njombe kuwaonya watu asiowajua. Hapa nyumbani, baba, hajaja hata siku moja. Watoto wanamwota, wakiamka wananiuliza mimi. Na ninyi mnaomwona, hamumsikilizi." Hakusema kwa ukali. Aliendelea kupukuchua, mimi nikakaa pale kama mtu aliyekula chakula cha mwenzake. Alinipa magimbi ya kupeleka nyumbani. Sikuweza kuyala.

Mabenchi yalimaliziwa na fundi mwingine. Karakana ipo, ila nafanya peke yangu, na kwa randa ya mkono. Nikisikia harufu ya utomvu wa paini mbichi mahali ambapo hakuna anayechonga, naacha nilichoshika nakaa chini, hata kama mteja yupo. Wananiona mvivu. Nimerudi kwenye lile duka mara nyingi, nimeshika mashine za bei rahisi moja baada ya moja, nikitumaini atakuja nimwombe radhi. Hajatokea. Nadhani ameshamalizana na mimi.

Tito anakaa sokoni anasimamia upakiaji wa magunia ya viazi. Amejifunza kuandika kwa mkono wa kushoto. Mtu akimuuliza kilichompata, anasema, "Uzembe wangu. Nilisahau kuzima." Ameusema mpaka ameuamini. Mke wangu amemgombeza kwa uzembe huo mbele yangu, chakula kikiwa mezani, nami nikaendelea kumenya kiazi.

Basi wewe unayenisikiliza, labda kesho unakwenda kununua kifaa. Sikwambii kila cha bei ndogo ni kibaya. Nyundo yangu ya bei ndogo ninayo hadi leo. Nakwambia ukishika kitu chenye kisu kinachozunguka, kitikise, bonyeza swichi uiachie mara kumi, na ikisita hata mara moja, kiache, ukodi, uombe wiki mbili, uaibike. Na kama umeshakinunua na moyo umekusuta, mwambie atakayekitumia, siku hiyo hiyo, kabla hajala chakula cha jioni. Mimi nililala na neno hilo usiku mmoja tu, na asubuhi lilikuwa zito, halitamkiki.

Ukipita soko la Makambako ukamwona mtu anayeandika kwa mkono wa kushoto, msalimie, ni mtu mwema. Ila usimwambie niliyokueleza. Hilo ni langu. Nimeapa nitamwambia Jumapili tukitoka kanisani. Nimeapa hivyo Jumapili nyingi sasa, na kila tukitoka ananipa mkono ule wa kulia, nami naushika, namuuliza habari za viazi.