Binti Aliyelala Ghorofani

Baada ya upasuaji wa shingo, noti zangu za juu hazikurudi. Nilikuwa nimeimba opera Washington tangu ujana wangu, kwanza kwenye kwaya ya jukwaani, baadaye nikapewa nafasi ndogondogo: mjakazi, mama mkwe, mchawi. Msimu mpya ulipoanza hawakunipigia simu, nami sikuwauliza. Nikabaki kufundisha watoto kuimba sebuleni kwangu katika mji wa Falls Church, nje kidogo ya Washington, nikiwaonyesha kwa kinanda kile ambacho koo limekataa.

Mdogo wangu aliyeko Moshi akawa ananipigia kila Jumapili. "Dada, rudi nyumbani. Chumba kipo. Huko unamngoja nani?"

Mwishowe nilimkubalia. Nilikuwa nimechoka hata kubisha.

Mtu pekee wa kumuaga alikuwa bibi mmoja Mmarekani mweusi, mwalimu mstaafu, aliyenipangisha chumba cha ghorofani nyumbani kwake nilipokuja kusoma muziki. Yeye ndiye aliyenifundisha kuvaa nguo za baridi. Onyesho langu la kwanza kama mjakazi alikuja na majirani zake wote, wakanipigia makofi nilipoingia nimebeba sinia, kabla sijafungua mdomo. Hakujaliwa mtoto. Sasa yupo kwenye nyumba ya wazee Upper Marlboro, na kumbukumbu zimemtoka.

Siku niliyokwenda kumuaga, foleni ya Beltway, barabara kuu inayozunguka Washington, ilinimaliza. Nilifika mgongo unauma. Mlezi wake, mama kutoka Bukavu, Kongo, alinipokea mlangoni.

"Leo alikula muzuri," akaniambia. "Lakini hajue mutu. Usiumie, dada."

Nikakaa kando ya kitanda. Nikaanza kuimba polepole, kwa sauti hii iliyobaki, wimbo wa kanisani aliokuwa akiupenda. Sikuwa nimemaliza ubeti wa kwanza aliponiwekea kidole mdomoni.

"Nyamaza," akaninong'oneza kwa Kiingereza chake cha darasani. "Kuna binti amelala juu. Kesho anakwenda kuimba mbele ya wakubwa, mwache apumzike."

"Binti gani?" nikamuuliza.

"Wa kutoka Afrika. Hana mtu mwingine hapa."

Akatazama dari, akasikiliza. Jengo lile halina ghorofa. Mlezi aligeukia dirishani, akawa anakunja taulo ambalo tayari lilikuwa limekunjwa. Mimi nilinyamaza kama nilivyoambiwa.

Jioni nikampigia mdogo wangu, nikamwambia siji.

"Kwa ajili ya mtu asiyekujua?"

"Ananijua," nikasema.

Alikasirika, akakaa muda mrefu bila kupiga. Siku hizi tunaongea tena, habari za mvua na za watoto wake, lakini haniulizi nitarudi lini. Nami kila Alhamisi, nikimaliza kufundisha, naendesha gari hadi Upper Marlboro. Siimbi. Nampaka mafuta mikononi, namsaidia kunywa supu, kisha naketi kwenye kiti cha pembeni. Mara nyingi usingizi hunichukua mimi kwanza.