Sahani Iliyolala Chali Kindu

Niliondoka Lubumbashi kwa sababu mama yangu mkubwa, Mama Zaina wa Kindu, hakuamini kwamba mwanawe yu hai. Ramazani alikimbia vita akiwa kijana. Mara ya mwisho mama yake kumsikia ilikuwa kwenye foni ya misheni, ile redio ambayo mtu husema, anamaliza kwa “à vous”, kisha anangoja mwenzake ajibu. Sasa alikuwa Kanada, figo zimeharibika, siku yake ya kupasuliwa inakaribia, na alitaka kumwona mama yake kabla ya kisu. Lakini Mama Zaina alikwisha kudanganywa na matapeli waliojifanya mwanawe. Akasema hatazungumza na mgeni yeyote wa kwenye kioo mpaka mtu wa damu yake akae ubavuni. Nikafunga mzigo.

Njiani kwa treni, baada ya mji wa Kongolo, mvua haikutuacha. Mimi si mtu wa subira, na treni ile humfunza mtu subira kwa fimbo. Pembeni mwa reli mabehewa yaliyoungua wakati wa vita bado yamelala majanini, miti imeota ndani. Hakuna abiria aliyeyatazama.

Kindu nilimkuta Mama Zaina mlangoni.

“Karibu, binti yangu. Ule muntu umemuona na macho yako?”

“Hapana, Mama mukubwa. Nimesikia sauti yake tu.”

“Sauti kila muntu iko nayo,” akasema, akanipokea mzigo.

Simu za mji mzima zilikuwa zimekatika. Kilichobaki ni sahani ya setilaiti kwenye zahanati moja. Setilaiti yenyewe imekaa juu ya ikweta, haihami mahali pake, na Kindu iko karibu chini yake. Ndiyo maana sahani ya pale haiinamishi uso kama za Ulaya. Imelala chali kama beseni, na mvua ya jimbo la Maniema huijaza.

“Maji ikisimama humu, mashini inakuwa kiziwi,” alinieleza mlinzi, Papa Assumani, akiipanguza kwa kitambaa. “Lakini musiogope, mimi niko.”

Alasiri, siku ya kuamkia upasuaji, tuliketi mbele ya kompyuta. Mama Zaina alivaa kitenge chake cha Idi. Uso ukatokea: mwanamume aliyevimba kwa maradhi, kipara. Aliyeondoka alikuwa kijana mwembamba. Mama alimkazia macho.

“Njo weye, ni weye kweli, Ramazani? À vous.”

Akangoja, kama kwenye foni ya misheni. Sauti hupanda hadi setilaiti na kushuka, kwa hiyo jibu huchelewa kidogo. Midomo ya Ramazani ikaanza kufunguka. Wakati huohuo mvua ikashuka kwa kishindo, na picha ikaganda, mdomo wazi, bila neno.

Papa Assumani alikuwa amekwisha kutoka mbio. Nilipofika uani nilimkuta ameilegeza sahani, ameiinamisha, maji yanamwagika miguuni pake.

“Papa, umefanya nini?”

“Ilijaa maji, mama. Nimeimwanga tu.”

Beseni likijaa, mtu hulimwaga, nani angemlaumu? Lakini setilaiti iko mbali mno, sahani ikishahamishwa haipatikani tena kwa kubahatisha. Tuliigeuza sahani huku na huku mpaka giza likaingia. Fundi wake alikuwa Goma. Yule mzee alilia mbele yangu, nami nilikuwa na hasira kiasi cha kushindwa kumwambia pole.

Simu ziliporudi, ujumbe wa mke wa Ramazani ulinikuta sokoni. Hakuamka baada ya upasuaji.

Mama Zaina alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo. Alinisikiliza mpaka mwisho, mchi mkononi.

“Ule muntu wa kwenye kioo alinijibu?”

“Laini ilikatika, Mama mukubwa.”

“Basi haikukuwa yeye. Mutoto wangu hawezi kusikia sauti yangu akanyamaza. Muzike huyo wenu. Wangu nitamungoja.”

Akaendelea kutwanga.

Nilirudi kwa treni ileile, nikiwa nimejifunza jambo ambalo ningependa nisilijue: habari inaweza kupanda mbinguni na kushuka kufumba na kufumbua, lakini isimfikie mama aliyekaa mbele yako. Lubumbashi tulimwekea Ramazani matanga. Wajomba waliniuliza kama mama yake amelia.

Nikawaambia, bado.